Moshi wa Saa Nne na Moshi wa Saa Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la fizikia. Nimechana kurasa nane za mwanzo, zilizobaki ni zangu. Mtihani umekwisha, matokeo hayajatoka, na leo nimeanza kazi.

Ningependa kuandika "nimepata kazi" kisha niweke nukta, lakini tumeipata wawili. Mwenzangu ni binamu yangu, binti wa mama mdogo, anayekaa kwetu tangu Desemba. Ana miezi mitano zaidi yangu na analala upande wa ukutani wa kitanda changu. Baba ni mkuu wa tanuri katika kiwanda cha sufuria. Alisikia kwamba ofisi ya mazingira ya kiwanda inatafuta wasichana au wavulana wawili waliomaliza shule, kwa msimu huu wa mvua tu, mpaka ripoti ya mwaka ipelekwe kwa mamlaka. Akatupeleka wote.

Mama wa ofisi hiyo kiwanda kizima kinamwita Bi Jedwali, kwa sababu hata orodha ya zamu za kuosha vikombe ameipigia mistari kwa rula. Alituuliza kwa nini tunaitaka kazi hii. Binamu akaeleza kwa dakika tano, mpaka Bi Jedwali akaweka kalamu chini. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Hata mimi."

"Ripoti ikishapelekwa nitabaki na mmoja," akatuambia. "Nafasi ya msaidizi ni moja tu, na huyo ndiye tutakayempeleka kusomea vipimo."

Nafasi ni moja. Naiandika ili nisije nikajifanya sikusikia.

Jumanne, 4 Machi

Kazi yetu ni kusoma moshi. Nilidhani Bi Jedwali anatania, kumbe hatanii.

Kiwanda kinanunua alumini chakavu: fremu za madirisha, makopo, sufuria zilizotoboka, vifuniko vya injini. Vinayeyushwa, vinamiminwa, vinakuwa sufuria tena. Chakavu safi hakina matata. Mzigo mchafu, wenye rangi na grisi, ndio unaotoa moshi, nao hupakiwa mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ndizo saa za kusoma.

Kila mmoja amepewa kadi yenye visanduku vilivyokolea kutoka cheupe hadi cheusi tititi, sifuri hadi tano. Unainyanyua, unalinganisha na moshi wa bomba, unaandika namba kwenye kisanduku cha karatasi. Robo dakika ikipita, unaandika nyingine. Dakika ishirini, namba themanini. Wastani wa msimu mzima ukipita mbili, mamlaka itadai kichujio cha moshi kifungwe bombani, na tanuri lizimwe wiki tatu wakati kinafungwa.

"Miaka yote ripoti ilikuwa inanakiliwa ya mwaka uliopita, inabadilishwa tarehe," alisema Bi Jedwali. "Hata kosa la tahajia lilikuwa lilelile kwa miaka sita. Mwaka huu nataka moshi wenyewe."

Sheria ni kwamba jua liwe mgongoni. Kwa hiyo msomaji wa asubuhi anasimama mashariki, kwenye tangi la maji, ambako hapiti mtu. Msomaji wa alasiri anasimama magharibi, mbele ya mlango mkubwa wa tanuri, ambako wako watu wote.

Mimi nimepewa asubuhi. Sikuomba, na wala sikukataa.

Ijumaa, 7 Machi

Watu wa tanuri wameshampa binamu jina. Wanamwita Injinia. Akipita, mmoja anayeitwa Koleo anagonga ndoo kwa chuma na kupiga kelele, "Nyoosheni migongo, Injinia anakagua!" Na yeye anawajibu, "Kagua wewe kwanza shati lako, lina matundu mengi kuliko chekeche." Wanacheka mpaka Baba anafuta macho.

Mimi hawajanipa jina lolote.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Hakuna kusoma.

Jumanne, 11 Machi

Mvua.

Jumatano, 12 Machi

Jioni wakati wa kula binamu alisimulia kazi. Anasimulia kila siku. Anaigiza sauti ya Bi Jedwali, anaigiza Koleo, anaigiza hata bomba. Mama alisimamisha cherehani ili asikie vizuri. Kila nilipotaka kusema kitu, nilikuta yeye ameshakisema, tena vizuri kuliko nilivyokuwa nimekipanga kichwani. Nikaendelea kutafuna.

Kisha Baba akatoa mfukoni kipande cha alumini alichokikata na kukilainisha kingo. Ni mshikio wa kadi, wenye mfereji mwembamba wa kuichomeka, ili vidole visiilowanishe.

"Mwanangu, mvua hizi zitakuharibia kadi," akasema, akampa binamu.

Kadi yangu imeshavimba pembe zote nne. Nilisubiri aingize mkono mfukoni mara ya pili. Aliuingiza, akatoa leso.

Alhamisi, 13 Machi

Tatu, tatu, nne, nne, tatu, nne. Wingu lilikuwa zito na moshi ulikataa kupanda, ukashuka ukanizunguka pale kwenye tangi. Nywele zangu zinanuka rangi iliyoungua. Binamu alirudi ananuka sabuni.

Jumatatu, 17 Machi

Leo Baba amesema "mwenzako" mara saba kabla ya saa mbili asubuhi. Mwenzako ameshaoga. Mwenzako ameshakunywa chai. Mwenzako anamsalimia kila mtu njiani, wewe unatazama viatu. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Nadhani nimezoea kuhesabu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Bi Jedwali ametuita. Alikuwa ametandaza karatasi zetu mezani, zangu kushoto, za binamu kulia.

"Bomba ni moja," akasema. "Tanuri ni moja. Mzigo ni uleule. Asubuhi wastani ni tatu na kidogo. Alasiri ni moja na kidogo. Hebu nielezeni, mabinti."

Binamu akasema labda asubuhi tanuri halijapata moto sawasawa. Lilikuwa wazo zuri na lilinichoma kwamba si langu. Bi Jedwali akatikisa kichwa. Tanuri huwashwa alfajiri, saa nne limeshakolea.

"Na wewe unasemaje?"

"Ni nyeusi," nikasema.

"Nini?"

"Moshi. Ni mweusi." Hata ngeli ilinikimbia.

Akanitazama kwa huruma, na heri angenikaripia. Akaniandikia karatasi ya kwenda kupima macho. Tulipotoka binamu akanishika bega. "Usijali. Hata mimi mwanzoni nilikuwa nachanganya mbili na tatu."

Sichanganyi mbili na tatu. Nilitaka kuutoa mkono wake begani kwangu. Niliuacha mpaka ulipojiondokea wenyewe.

Jumatano, 26 Machi

Nitaandika jambo ambalo sitalisema kwa mtu. Naamini binamu anadanganya. Naamini anaandika moja pale panapostahili tatu, kwa sababu namba ndogo zinapendwa. Watu wa tanuri wanazipenda, maana hawataki tanuri lizimwe. Baba anazipenda. Ukiwa mtu wa kupendwa na kila mtu, ni lazima uwe unawapa wanachokitaka.

Nilipomaliza kuandika hayo nilijisikia vizuri kwa muda wa kama dakika kumi.

Jumatano, 2 Aprili

Daktari wa macho amesema macho yangu ni mazuri. Aliniambia nisome mstari wa mwisho wa ubao, nikausoma, nikamsomea na jina la kiwanda lililochapwa pembeni kwa herufi ndogo. Akacheka. "Binti, wewe unaona hata visivyokuhusu."

Bi Jedwali alipokea karatasi, akaiweka kwenye faili. "Basi sielewi," akasema. Asubuhi hiyohiyo nikaandika nne.

Jumanne, 8 Aprili

Leo binamu alitumwa kupeleka sampuli za majivu maabara, na saa tisa ikawa yangu.

Nilipaswa kusimama mbele ya mlango mkubwa wa tanuri, lakini ningelazimika kupita katikati yao wote, na Koleo alikuwa na ndoo yake tayari mkononi. Nikapita nyuma, nikasimama kati ya mapipa ya mafuta. Jua lilikuwa mgongoni, bomba lilikuwa mbele yangu. Sheria zote nilizitimiza isipokuwa ya kuonekana.

Saa tisa kamili moshi ukatoka. Nne. Nne. Nne. Tano. Nne.

Tano! Sijawahi kuandika tano maishani. Nimempata. Moshi wa saa tisa ni mweusi kama wa saa nne, na yeye kwa wiki tano amekuwa akiandika moja.

Nilimpelekea Bi Jedwali karatasi, akasema siku moja haitoshi. "Niletee siku mbili ambazo mmesoma bomba lilelile saa ileile, nitaamini."

Nitamletea.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Binamu amenisukia nywele. Anasuka vizuri, haumizi. Wakati wote nilikuwa nafikiria uso wake utakavyokuwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Kesho isinyeshe, naomba.

Jumanne, 15 Aprili

Haikunyesha.

Nilimwambia Bi Jedwali naenda kupanga mafaili stoo. Saa tisa kasoro dakika tano nilikuwa nimechuchumaa kati ya mapipa, kadi mkononi, karatasi gotini. Binamu akaja. Alipita mlangoni, ndoo ikagongwa, akawarushia maneno yake, wakacheka. Akasimama mahali pake, mgongo kwa jua, akanyanyua kadi kwa ule mshikio wake unaong'aa.

Saa tisa kamili. Nikatazama bomba.

Sifuri.

Nikafikicha macho. Robo dakika: moja. Robo dakika: moja. Sifuri. Moja. Nilikuwa naziandika namba zake mwenyewe, kama mtu anayeandikishwa imla. Dakika ishirini zilipita, na karatasi yangu yote ilikuwa safi kama ya mtoto ambaye hajafanya zoezi. Alichokuwa akiandika ndicho alichokiona. Hajawahi kudanganya hata kisanduku kimoja.

Akakunja karatasi, akawapungia watu mkono, akaondoka. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, kwa hiyo nilibaki. Na kwa sababu nilibaki, nilisikia sauti ya Baba kutoka ndani.

"Ameshaondoka?"

"Ameshaondoka, mkuu," akajibu Koleo. "Siku Injinia akiolewa tutapumzika kumsubiri."

"Nyamaza wewe. Haya, pakieni."

Nikasikia fremu zikisombwa kwa sepetu na kutupwa tanurini. Bomba likanyamaza kidogo, kisha likatapika moshi mweusi kama lami. Ukapanda mita chache, ukakata tamaa, ukashuka mpaka mahali ambapo binamu alikuwa amesimama dakika tatu kabla.

Jumatano, 16 Aprili

Sikulala vizuri. Leo saa nne, tatu na nne kama kawaida.

Nimeielewa hesabu yote sasa. Saa tisa ikifika na binamu yupo, Baba anazuia mzigo mchafu na kupakia makopo safi, ili moshi usimfikie. Siku ambayo hakuwepo, walipakia kwa wakati. Na saa nne wanapakia kwa wakati kila siku, na aliyesimama kwenye moshi wa saa nne ni mimi.

Nilidhani nina wivu kwa sababu ya mshikio wa kadi. Mshikio si kitu.

Alhamisi, 17 Aprili

Ningeweza kumwambia Bi Jedwali leo. Mlango ulikuwa wazi na alikuwa peke yake. Lakini nikisema, itajulikana kwamba binamu ni mkweli. Na nitalazimika kutamka kwa mdomo wangu kwamba Baba anamkinga yeye na hanikingi mimi. Nilisimama mlangoni mpaka akaniuliza kama nimepotea.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Koleo anakohoa na wenzake wanamwambia aache sigara. Havuti sigara.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Sijasema.

Alhamisi, 24 Aprili

Bi Jedwali ametuita tena. Ripoti itapelekwa tarehe tano Mei.

"Nimetafakari sana," akasema, na alikuwa ananitazama mimi. "Siwezi kupeleka bomba moja lenye namba mbili. Nitatumia karatasi za alasiri. Za asubuhi nitaziweka kando. Binti yangu, macho yako ni mazuri, daktari kasema, lakini labda hukuielewa kadi. Si kosa kubwa."

Kwa hiyo ripoti itasema moja nukta mbili. Kichujio hakitafungwa. Na nafasi ni ya binamu.

Binamu alirudi nami mpaka kwenye lango la nyumbani. Kisha akasema, "Lakini mimi naamini wewe unaielewa kadi." Ningemchukia kidogo zaidi, mambo yangekuwa rahisi.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo asubuhi nilimwomba binamu atangulie. Nikamsubiri Baba, tukatembea pamoja. Nilikuwa nimeipanga sentensi ya kwanza tangu nikiwa kitandani.

"Baba."

"Naam."

"Mzigo wa saa tisa mnauchelewesha."

Akaendelea kutembea. "Nani kasema?"

"Nimeona. Nilikuwa kwenye mapipa, Jumanne ya wiki iliyopita."

"Mapipani unatafuta nini?" Kisha akapunguza mwendo. "Sikiliza. Yule mtoto siku ya kwanza alikohoa mpaka machozi. Mvua hizi moshi haupandi. Nikawaambia vijana, subirini amalize, dakika ishirini hazimuui mtu. Ndiyo dhambi hiyo?"

"Namba zake zimekuwa za uongo, Baba. Si yeye. Ni nyinyi."

"Na namba ndogo zimemuumiza nani? Tanuri likizimwa wiki tatu, hao kina Koleo watakwenda wapi?" Aliposema hivyo niliona kwamba alikuwa ameshalifikiria hilo, na kwamba haikuwa huruma tupu.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Lakini mdomo wangu, ambao miaka kumi na minane haujanisaidia, ukaendelea wenyewe.

"Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Mimi nasoma saa nne."

"Unasoma wapi?"

"Kwenye tangi la maji."

Alisimama. Mtu mwenye baiskeli nusura amgonge, akatukana, Baba hakugeuka.

"Lile tangi la mashariki? Moshi wote wa asubuhi unaangukia pale."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe tano Machi."

"Mimi nilidhani wewe uko ofisini," akasema taratibu. "Nilidhani unaandika-andika. Nikawa namshukuru Mungu, angalau mmoja yuko ndani."

Kwa wiki saba nimekula naye meza moja. Binamu alikuwa anasimulia kazi yake na mimi nilikuwa natafuna. Sikuwahi kumwambia, na yeye hakuwahi kuuliza. Sijui nani kati yetu alaumiwe. Nilitaka sana awe yeye.

Tulifika getini. Pale akavua kofia, akaishika mkononi kama mtu anayeingia msibani. Sikujua anafanya nini mpaka nilipoona ameshika njia ya ofisini badala ya ya tanurini.

Jumamosi, 26 Aprili

Jana niliandika mpaka mkono ukachoka, kwa hiyo namalizia leo.

Baba alisimama mbele ya meza ya Bi Jedwali akaeleza yote, hata lile la wiki tatu. Binamu alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Bi Jedwali alimsikiliza bila kupepesa.

"Unajua umenifanya nini?" akamwambia. "Nilikuwa nimeshaandika moja nukta mbili, kwa kalamu ya wino, na nimeshaweka sahihi."

"Najua, mama."

"Hujui. Nitakuandikia barua ya onyo, na utaisaini."

"Nitasaini."

Binamu akacheka, kicheko kifupi kisicho chake. "Kwa hiyo wiki saba sikusoma moshi," akasema. "Nimesoma hisani ya Baba mkubwa." Akachukua karatasi zake zote na rula ya Bi Jedwali, akapiga mstari wa kukata kwenye kila moja, moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi na tisa. Hakuna aliyemzuia. Baba alinyoosha mkono kama anataka kumgusa kichwani, akaurudisha kwenye kofia.

Jioni, tulipokuwa tunaanua nguo, akaniuliza. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na tano."

Akahesabu. "Siku kumi."

"Ndiyo."

"Siku kumi ukalala pembeni yangu."

"Ndiyo."

"Na kabla ya hapo ulifikiri ninaandika uongo."

Nilikuwa nimeshika pindo la shuka, yeye ameshika pindo jingine. Nikasema ndiyo. Akaliachia shuka likaanguka kwenye matope, akaingia ndani. Nililifua upya peke yangu, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba sikuwa na neno la kulalamika juu yake.

Jumatatu, 28 Aprili

Bi Jedwali ameamuru siku nne za kusoma upya. Wote wawili, saa nne na saa tisa, mahali pamoja, na mzigo upakiwe kwa saa huku yeye akiwa mlangoni na saa yake mkononi.

Saa nne tulisimama kwenye tangi bila kutazamana. Moshi uliposhuka, binamu alikohoa, akajikaza, akaandika. Nilimwona akiandika nne yake ya kwanza. Aliizungusha kalamu juu yake mara mbili, kana kwamba alikuwa haamini.

"Hivi ndivyo kila siku?" akauliza.

"Ukiondoa za mvua."

"Na hukusema."

Hakuwa anauliza. Nikaandika tatu.

Jumanne, 29 Aprili

Nne, tatu, nne. Koleo hakugonga ndoo.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Wiki hii watu wa tanuri wamenipa jina. Wananiita Barua, kwa sababu ya barua ya Baba. Nilikuwa nalitamani jina. Nimelipata.

Ijumaa, 2 Mei

Siku tatu badala ya nne, mvua imekula moja. Wastani wangu ni tatu nukta moja. Wa binamu ni tatu nukta sifuri.

Jumatatu, 5 Mei

Ripoti imeondoka. Imeandikwa tatu, na chini yake maelezo ya nusu ukurasa kwa nini karatasi kumi na tisa zimekatwa mstari. Bi Jedwali hakumtaja Baba. Aliandika "mkuu wa zamu". Kichujio kimeshaagizwa, tanuri litazimwa tarehe kumi na mbili.

Kisha akafunga mlango, akaniambia nafasi ni yangu.

"Usidhani ni kwa sababu una macho mazuri kuliko mwenzako," akasema. "Mmelingana. Na kwa kuzungumza na watu anakushinda mbali, na kazi hii ina kuzungumza kwingi. Lakini nilipokutuma kwa daktari wa macho ulikwenda, ukarudi, na asubuhi hiyohiyo ukaandika nne. Sina watu wengi wa namna hiyo."

Nikasema asante.

"Na zile siku kumi ulizonyamaza," akaongeza, akifungua faili, "nimezijua. Usizirudie."

Nilitoka nikiwa nimeipata nafasi na masikio yanawaka moto.

Jumamosi, 10 Mei

Binamu amerudi kwa mama mdogo. Amesema atatafuta chuo huko. Alinikumbatia mlangoni, kwa sababu Mama alikuwa anatazama, lakini mwishoni akanibana kidogo zaidi ya ilivyohitajika, na sijui ilikuwa na maana gani.

Baba alimbebea begi mpaka kituoni. Alirudi baada ya saa mbili, macho mekundu. Alikaa, akakorogea chai sukari mara mbili kwa kusahau. "Nyumba imepoa," akasema.

Nilikuwa nimekaa mbele yake. Nina kazi, nitapelekwa kusomea vipimo, namba zangu ziko kwenye ripoti, na bado roho iliniuma kwa sababu ya macho mekundu ya Baba. Naandika ukweli, maana ndiyo kazi niliyopewa.

Alhamisi, 15 Mei

Tanuri limezimwa tangu Jumatatu. Bi Jedwali anataka karatasi hata za siku zisizo na moshi, kwa hiyo saa nne nilikwenda kwenye tangi. Jua lilikuwa limetoka vizuri. Sifuri, sifuri, sifuri.

Nilikuwa kisanduku cha thelathini na kitu niliposikia nyayo kwenye kokoto. Alikuwa Baba. Siku hizi mchana hana kazi, anawasaidia mafundi wa kichujio kubeba mabomba.

"Hapa ndipo?" akauliza.

"Ndiyo. Shikamoo." Tulikuwa tumeshasalimiana nyumbani, lakini sikuwa na neno jingine.

Akasimama kando yangu. Akaangalia bomba, akaangalia ukuta wa tangi, ambao upande huu umekuwa mweusi kwa masizi kuanzia magotini hadi juu. Akapitisha kidole, akakitazama. Mahali nilipozoea kuegemea pana doa safi kidogo, la ukubwa wa mgongo.

Nikaandika sifuri nyingine.

"Ungeniita," akasema. "Hata siku moja. Ungepiga kelele tu, Baba, niko huku."

"Ningekuita, ungezuia mzigo."

Robo dakika ikapita, nikaandika. Ikapita nyingine. Alikuwa anasugua kidole chenye masizi kwenye suruali, polepole, na doa jeusi likawa linakua.

"Tanuri likiwashwa," akasema hatimaye, "niite vilevile. Mzigo nitaupakia. Saa nne kamili, nikijua uko hapa."

Nikamwambia nitajaribu. Kwanza itabidi nijifunze kupiga kelele. Alibaki mpaka kisanduku cha themanini.